Kwaresima ya Palizi: Utakatifu wa Walei na Msimu wa Mpunga Bondeni Kilombero

Katika majimbo mengi ya Kikatoliki nchini Tanzania, mzazi anayetaka mwanawe abatizwe, wachumba wanaotaka kufunga ndoa, hata wafiwa wanaoomba padri aje kuzika, huulizwa kwanza swali moja: jumuiya inakufahamu? Mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo hufungua daftari la mahudhurio, na neno lake lina uzito. Utaratibu huu una sababu zake nzuri, nami sina nia ya kuubeza. Ukiutazama kutoka Katindiuka, kata ya Mji wa Ifakara ambako watu wengi wanaishi kwa jembe, unazaa kitendawili. Waamini wanaohenyeka zaidi kulisha familia zao ndio wanaoonekana watoro, na utoro wao unafika kileleni wakati wa Kwaresima na Pasaka.

Chanzo ni mpunga. Mvua zikishika, kati ya Desemba na Januari, familia nyingi hufunga safari ya kwenda mashamba ya mbali, mengine ng'ambo ya mto Kilombero. Nyumba ya mjini huachiwa bibi na watoto wanaosoma. Huko shambani hujengwa kibanda cha miti na nyasi, mara nyingi dungu lenye ngazi, na maisha yanahamia hapo. Februari na Machi ni palizi. Mpunga ukianza kutoa masuke ni kuamia ndege tangu alfajiri hadi jua lizame, na usiku kukesha kwa ajili ya nguruwe pori. Mavuno huanza Mei, kutegemea mvua na mbegu, kisha kupiga, kupepeta, kufunga magunia na kutafuta usafiri. Pasaka haiwezi kuwa kabla ya Machi 22 wala baada ya Aprili 25. Kwa hiyo Jumatano ya Majivu humkuta mkulima kwenye magugu, na mkesha wa Pasaka humkuta juu ya dungu. Kalenda ya liturujia ilipangwa mbali na bonde hili. Hakuna wa kulaumiwa. Lakini daftari la mahudhurio limepangwa hapa hapa.

Hali hii si ya jadi tu, kama inavyodhaniwa. Vijiji vya Ujamaa vya miaka ya 1970 viliwakusanya watu penye barabara na reli ya TAZARA, huku ardhi nono ya mpunga ikibaki bondeni. Watafiti wa afya walilitambua jambo hili mapema. Maabara iliyoanzishwa na Rudolf Geigy katika miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ilikuza kizazi cha wataalamu wa malaria ambao hatimaye walilazimika kuwafuata wakulima shambani, kwa kuwa kumhesabia mtu chandarua cha mjini hakusaidii kitu ikiwa analala kwenye dungu. Sayansi ya mbu ilifika shambani kabla ya teolojia ya walei.

Kuhusu mafundisho yenyewe hakuna ubishi wa maana. Sura ya tano ya Lumen Gentium, iliyotangazwa Novemba 21, 1964, inawaita waamini wote kwenye utakatifu, kila mmoja katika hali yake, na inawataja wenye ndoa na wanaofanya kazi ngumu. Yohane Paulo wa Pili alilirudia hilo mwaka 1988 katika Christifideles Laici, na Fransisko mwaka 2018 katika Gaudete et Exsultate. Ubishi unaanza tunapouliza utakatifu huo unaonekana wapi.

Mwanaanthropolojia Maia Green, katika kitabu chake Priests, Witches and Power cha mwaka 2003, aliutazama Ukatoliki wa Wapogoro wa Ulanga. Alichokiona ni dini iliyoshikamana na misheni kama taasisi: mapadre wana mamlaka na nguvu ya kiroho, waamini wanazisogelea, na mambo ya jadi yanaendelea kivyake. Jimbo la Ifakara lilimegwa mwaka 2012 kutoka Jimbo la Mahenge, lenye Ulanga hiyo, kwa hiyo hukumu hiyo inatugusa. Nakubali kwamba alichokiona kipo. Wakapuchini wa Uswisi waliofika mwaka 1921, kama Wabenediktini waliowatangulia, walijenga misheni zenye shule, karakana, dawa na mashamba, na asiyeona mamlaka hapo ana matatizo ya macho. Lakini Green alielekeza jicho lake kwenye ibada, sakramenti na mizimu, yaani mahali ambapo nguvu hugombaniwa. Palizi haikuwa swali lake. Mtu akitafuta dini kwa padri na kwa mganga, ataikuta kwa padri na kwa mganga. Mama anayeanza kazi kwa ishara ya msalaba na kumgawia kibarua chakula kile kile anachokula mwanawe haonekani katika upimaji huo. Ajabu ni kwamba haonekani katika daftari la jumuiya pia. Mwanaanthropolojia na mwenyekiti, wasiojuana, wanatumia kipimo kimoja.

Upande wa pili kuna wanaosema pengo hili la kutouona utakatifu wa kazi limeshazibwa na mashirika ya walei yanayofundisha kutakatifuza kazi, hasa Opus Dei, ambayo katika Afrika Mashariki inafahamika kwa chuo cha Strathmore kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1961. Naheshimu msisitizo wao kwamba kazi iliyofanywa vizuri ni sadaka. Hata hivyo, utakatifu wa kazi kwetu umezoea kuvaa suruali ya ofisini. Unadhani mtu ana saa maalumu ya kuingia na kutoka, chumba cha kusalia na kiongozi wa roho aliye karibu. Mkulima wa Katindiuka mwezi Machi hana hata kimoja kati ya hivyo.

Pingamizi zito linatoka kwa maparoko wenyewe: bila Ekaristi, utakatifu wa dungu ni maneno matamu. Hapa sheria ya Kanisa ni pana kuliko desturi yetu. Kanuni ya 920 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaagiza kukomunika walau mara moja kwa mwaka, katika kipindi cha Pasaka, ila inaruhusu wakati mwingine wa mwaka kukiwa na sababu ya haki. Kanuni ya 1248 inasema pale ambapo Misa haiwezekani kwa kukosa padri au kwa sababu nyingine nzito, waamini wanahimizwa kusali katika familia, au familia kadhaa kwa pamoja. Familia kadhaa pamoja ni nini kama si jumuiya? Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua katika miaka ya 1970 kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo, msingi ulikuwa ujirani. Jirani wa mkulima kwa karibu nusu mwaka ni yule wa dungu la pili, naye huenda ni Mlutheri au Mwislamu. Si yule wa mtaani Katindiuka.

Pingamizi jingine ni gumu zaidi: shamba pia huvunja nyumba. Watoto hubaki bila wazazi, na waume wengine hupata mke wa msimu. Ni kweli, ingawa hoja hiyo inadai uchungaji ufike shambani.

Wala sisemi kwamba jasho lenyewe ni utakatifu. Ingekuwa hivyo, punda angetutangulia peponi. Kazi hutakaswa, au huchafuliwa, pale inapomgusa mtu mwingine. Bonde hili halina upungufu wa pahala pa kujaribiwa: lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inayomnyonya muuzaji, mpunga unaonunuliwa ungali kijani kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto anaumwa, ujira wa kibarua unaocheleweshwa, ng'ombe wa mfugaji walioingia shambani na panga lililo karibu. Kanisa limeshatoa hukumu yake kuhusu mizani ya namna hii. Floribert Bwana Chui, kijana mlei wa Goma aliyefanya kazi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani, alikataa rushwa ili mchele uliooza usiingie sokoni. Aliuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26, na Juni 15, 2025 alitangazwa mwenyeheri mjini Roma. Kilichopimwa hapo kilikuwa mchele, na jinsi mtu alivyousimamia.

Pengine navuta mfano mmoja mbali kupita kiasi. Shahidi si mkulima, na rushwa ya mpakani si palizi. Hata hivyo, sioni namna ya kumheshimu Bwana Chui altareni huku tukimwandika mtoro mama anayekataa kufungisha lumbesa.

Maparokia ya bonde yana uwezo wa kurekebisha hili bila kusubiri agizo la juu. Mbegu zibarikiwe familia zinapoondoka, viongozi wa sala wateuliwe kwa makundi ya mashamba, Misa ya Pasaka ya wakulima itangazwe baada ya mavuno, na miezi ya kilimo isihesabiwe utoro katika daftari lolote linaloamua nani abatiziwe mtoto na nani azikwe na padri.