W. E. Taylor na Mwalimu Wake wa Mvita

Historia ya taaluma ya Kiswahili aghalabu huandikwa kwa kufuata majina ya waliochapisha vitabu. Makala hii fupi inakusudia kuuliza swali lililo nyuma ya majina hayo: ni nani aliyekuwa mwalimu, na nani mwanafunzi?

Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianzisha Frere Town huko Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, pawe makazi ya watumwa waliokombolewa. Miaka mitano baadaye aliwasili pwani hii William Ernest Taylor (1856–1927). Hakutumwa na chuo kikuu, bali na misheni hiyo. Hata hivyo, mwaka 1891 alitoa vitabu viwili, kimoja cha msamiati wa Kigiriama na kingine cha methali za Kiswahili. Mwaka 1915 kitabu cha Stigand kuhusu lahaja kilitoka na utangulizi wake, pamoja na Al-Inkishafi kama alivyoihariri yeye.

Elimu hiyo aliipata wapi? Johann Kaspar Zeuss, aliyeweka msingi wa taaluma ya lugha za Kikelti kwa sarufi yake ya mwaka 1853, alijifunza Kiayalandi cha kale kutokana na maelezo yaliyoandikwa na watawa katika miswada ya zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Walimu wake walikuwa marehemu wa kale. Walimu wa Taylor walikuwa hai, nao walimjibu.

Mkuu miongoni mwao alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Ndiye aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, akayaandika kwa hati za Kiarabu, Taylor akayafafanua. Karatasi hizo zimehifadhiwa London, katika maktaba ya SOAS. Kutokana nazo Hichens alitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na M. H. Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mwaka 1979.

Thamani ya kazi hiyo ilizidi baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ambayo Taylor aliitetea, kilibaki nje. Lakini ushahidi wa ufasaha wake ulikuwa umekwisha kuandikwa.

Hatusemi haya kumdunisha Taylor, kwani bila bidii yake huenda mengi yangalipotea. Lakini karatasi zile zajulikana kwa jina lake peke yake. Aliyesikiliza, akachagua neno lililo sahihi na kulitia wino, katika taaluma yoyote huitwa mhariri. Basi yafaa, kila tumtajapo Muyaka katika maandishi yetu, tumtaje Mwalimu Sikujua kuwa mhariri wake wa kwanza.