Kupunga mkono au kubonyeza? Kilichokuwa ndani ya rimoti ya Wii

Ukilaza simu yako na picha ikageuka nayo, kuna kipande kidogo cha silikoni ndani kinachofanya hiyo kazi. Ndugu yake ndiye aliyetikisa biashara ya gemu mwaka 2006, Nintendo walipotoa Wii.

Kabla ya hapo padi zilikuwa zinanenepa vitufe kila kizazi. Mwaka 1982 Gunpei Yokoi wa Nintendo aliweka ule msalaba wa kidole gumba kwenye Game & Watch ya Donkey Kong. Miaka 18 baadaye, padi ya PlayStation 2 ilikuwa na msalaba huo, vijiti viwili na vitufe zaidi ya kumi. Wewe uliyeanza utotoni huoni shida. Mpe bibi yako aishike, uone.

Wii ilimpa bibi rimoti na kumwambia: piga. Ndani yake mlikuwa na akselerometa, yaani chembe ya silikoni iliyoning'inizwa kwenye springi ndogo mno. Ukisukuma mkono, chembe inabaki nyuma kidogo, na umeme unapima imebaki kiasi gani. Mbele kulikuwa na kamera ya infraredi. (Ile fimbo nyeusi ya kuweka juu ya TV kumbe haihisi chochote, ni taa tu. Watu waliweka mishumaa miwili badala yake, na ikafanya kazi.)

Sasa hapa ndipo fizikia inapoleta ubishi. Akselerometa haiwezi kutenganisha mvutano wa dunia na mchapuko wa mkono wako. Kuinamisha rimoti na kuisukuma vinaweza kutoa namba zilezile. Kwa hiyo tenisi ya Wii Sports haikufuata mkono wako hasa. Ilitambua kwamba umepiga, na umepiga lini. Wajanja wakaligundua hilo haraka, wakacheza wameegemea kochi, kiganja tu kikitingishika. Mwaka 2009 ndipo kikaja kifaa cha kuchomeka, MotionPlus, chenye jairoskopu ya kupima mzunguko.

Je, ilikuwa danganya toto? Mimi nakataa. Wii iliuza zaidi ya milioni 101, wakati GameCube iliyoitangulia iliishia karibu milioni 22, na wazee kwenye makazi ya wazee Marekani walicheza bolingi. Padi haikuwahi kuwafikia hao.

Microsoft wakaenda mbali zaidi mwaka 2010 na Kinect: hakuna cha kushika kabisa. Ndani ya siku 60 ziliuzwa milioni 8. Lakini kidole gumba husogea milimita chache tu, mkono mzima lazima usafiri, tena hewani hakuna kinachokujibu kwamba umebonyeza. Na asiyeweza kuinua mkono je? Kufikia 2017 Kinect ilikuwa imeacha kutengenezwa.

Jairoskopu yenyewe haikuondoka. Cheza Splatoon ya 2015: kijiti kinakugeuza haraka, kisha unainamisha padi kidogo kulenga. Wanaouzoea huo mchanganyiko huwa hawataki tena kulenga kwa kijiti peke yake.