Kamani na Gavana Wake

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza habari za chombo kidogo ambacho watu wengi wameisikia kazi yake bila kukiona chenyewe. Chombo hicho hukaa chini ya sahani inayozunguka katika gramafoni ya kukaza kwa mkono, ile ambayo wengi waliiita kinanda cha santuri. Mafundi hukiita gavana. Kazi yake ni moja tu: kuizuia mashini isiende mbio kupita kiasi.

Kwa mtu wa Mnero, au wa kijiji kingine cha nchi ya Nachingwea na Ruangwa, habari hii si ya mbali. Gramafoni hiyo haikutaka umeme, wala betri, wala mafuta ya taa. Ilitaka mkono wa mtu tu. Kwa sababu hiyo iliweza kuchukuliwa kutoka bandari ya Lindi hata bara, na popote ilipowekwa juu ya meza iliweza kuimba. Wimbo wa mwimbaji wa Unguja uliweza kusikiwa na Mmwera ambaye hajaiona bahari. Lakini je, sauti iliyosikiwa ilikuwa ndiyo sauti ya mwimbaji mwenyewe? Jawabu la swali hilo limo katika kile chombo kidogo.

Kwanza yatupasa kuijua kamani. Kamani ni utepe mrefu wa chuma cha pua, uliokunjwa mizunguko mingi ndani ya mkebe wa mviringo. Tukizungusha mkono wa mashini, twaubana utepe huo. Nao kwa tabia yake hutaka kurudi kama ulivyokuwa. Katika kurudi huko huyasukuma magurudumu yenye meno, na magurudumu huizungusha sahani. Basi nguvu inayoizungusha santuri ni nguvu ya mkono wetu wenyewe, iliyowekwa akiba ndani ya chuma.

Lakini akiba hiyo ina kasoro. Kamani iliyokazwa sana husukuma kwa nguvu nyingi, na kadiri inavyofunguka nguvu zake hupungua. Kama ingeachwa huru, wimbo ungeanza kwa mbio na kumalizika kwa kujikokota. Tena mzigo wenyewe haukai hali moja, maana sindano hukwaruza kwa nguvu zaidi mahali ambapo muziki ni mkubwa kuliko mahali ambapo ni mdogo.

Watengenezaji wa saa waliijua kasoro hii zamani sana. Katika Ulaya saa za kamani zilikuwako tangu karne ya 15, na baadhi yake zilitiwa gurudumu la umbo la pia, lenye uzi au mnyororo uliozungushwa juu yake, ili kamani ikiwa na nguvu ivute mahali pembamba, na ikidhoofika ivute mahali panene. Kisha, mwaka 1675, mtaalamu wa Uholanzi, Christiaan Huygens, alitangaza saa yenye gurudumu dogo linalokwenda huku na huku kwa kuvutwa na kamani nyembamba kama unywele. Kila gurudumu hilo linapokwenda na kurudi, huruhusu jino moja tu kupita. Hiyo ndiyo sababu saa hulia tiki, tiki.

Msomaji aweza kuuliza, kwa nini waundaji wa gramafoni hawakuitumia njia ya saa, nayo ni sahihi sana? Jawabu ni kwamba saa huenda kwa hatua. Hupiga hatua, husimama kidogo, hupiga hatua nyingine. Wala mshale wake hauoni dhara. Lakini sauti haiwezi kusimama na kwenda, kusimama na kwenda, bila kukatika vipande vipande. Santuri yataka mwendo laini, kama maji yanayopita katika mfereji. Ilibidi kutafuta njia nyingine.

Njia hiyo ilikuwako katika vinu na mashini za mvuke. Mwaka 1788 James Watt wa Scotland aliitia mashini yake ya mvuke mipira miwili ya chuma inayozunguka, akiiga chombo kilichotumiwa katika vinu vya upepo. Mashini ikiongeza mbio, mipira iliruka nje na kuufunga kidogo mlango wa mvuke. Ikipunguza mbio, mipira ilishuka na mlango ukafunguka. Kila mtoto aliyefunga jiwe katika uzi na kulizungusha anaijua nguvu hiyo inayolivuta jiwe nje. Nguvu hiyo huongezeka upesi kuliko mwendo wenyewe: mwendo ukizidishwa mara 2, mvuto huwa mara 4. Ndiyo maana chombo hiki hukitambua upesi hata kichea kidogo cha mwendo.

Sasa twaja katika mashini za kusema. Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza mashini iliyoshika sauti ya mtu na kuirudisha, na mwaka 1887 Emile Berliner, naye akikaa Marekani, alipata hati ya gramafoni, ambayo baadaye ikatumia santuri ya bapa. Gramafoni za kwanza za Berliner zilizungushwa kwa mkono wakati wote wa wimbo. Mkono wa binadamu haukai sawa: huchoka, husahau, hushtuka. Wimbo ulipanda na kushuka pamoja na mkono. Hata mwaka 1896 fundi mmoja wa mji wa Camden, jina lake Eldridge Johnson, alimtengenezea Berliner mashini ya kamani yenye gavana, na ndipo gramafoni ilipoanza kuwa chombo cha nyumbani.

Gavana wa gramafoni ameundwa hivi. Kuna mti mwembamba wa chuma unaozunguka mara nyingi kuliko sahani yenyewe. Juu ya mti huo zimewekwa kamani 3 nyembamba za bapa, na katikati ya kila moja imefungwa risasi ndogo. Ncha za upande mmoja zimefungwa zisiweze kwenda. Ncha za upande wa pili zimeshikwa na kisahani kiwezacho kuteleza juu ya mti. Mti unapozunguka, zile risasi huruka nje, nazo kamani hupindika. Tukumbuke upinde: kadiri unavyopindwa, ndivyo ncha zake mbili zinavyokaribiana. Basi na hapa ni vivyo hivyo. Kamani zikipindika huwa fupi, na kisahani huvutwa mpaka kikagusa kipande cha ngozi. Ngozi hukikwaruza, mwendo hupungua, risasi hurudi ndani, na mkwaruzo hulegea. Mambo haya hayatendeki kwa zamu tuwezazo kuziona. Hutendeka daima, kidogo kidogo, mpaka mwendo ukatulia.

Kando ya sahani pana parafujo au mshale mdogo. Kuugeuza ni kukisogeza kile kipande cha ngozi. Kikisogezwa karibu na kisahani, mkwaruzo huanza mapema, na santuri huenda polepole. Kikisogezwa mbali, risasi hazina budi kuruka zaidi kabla ya kuzuiwa, na santuri huenda kwa haraka.

Hapa pana jambo kubwa la kulifahamu. Gavana wa mvuke huamuru nguvu: hufungua na kufunga mlango. Gavana wa gramafoni hana mlango wa kufungua. Kazi yake ni kuila nguvu iliyozidi na kuigeuza kuwa joto kidogo katika ngozi. Aweza kuzuia, lakini hawezi kuongeza. Kamani ikidhoofika hata nguvu zake zikawa chini ya kiasi kinachotakiwa na sindano, kisahani huiacha ngozi, na gavana hana tena la kufanya. Sauti huanza kushuka kama mtu anayesinzia. Kwa hiyo desturi ilikuwa kukaza mashini kabla ya kila upande wa santuri, si kungoja mpaka ilie vibaya.

Tupime sasa madhara ya mwendo mbaya. Mwendo uliokuja kuwa kawaida ni mizunguko 78 kwa dakika. Wimbo wa dakika 3 huwa mizunguko 234. Mashini ikienda mizunguko 74 tu, wimbo ule ule utachukua dakika 3 na sekunde 10 hivi. Sekunde 10 si nyingi, mtu aweza kusema. Lakini sauti nayo hushuka karibu nusu daraja ya muziki, na sauti nyembamba ya mwanamke huwa nzito. Mwimbaji hubadilika kuwa mtu mwingine, wala msikilizaji aliyekuwa hamjui hana njia ya kutambua.

Jambo hili latuhusu sisi tusemao Kiswahili. Mwaka 1928 Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika Unguja, alisafiri pamoja na wenziwe mpaka Bombay, wakaimba nyimbo zao kwa Kiswahili, zikachorwa katika santuri za His Master's Voice. Santuri hizo zilienea pwani na bara. Siti alikufa mwaka 1950. Walio hai leo hawawezi kumwendea kumwomba aimbe tena. Santuri ndizo mashahidi waliobaki. Na shahidi huyu husema kweli akizungushwa kwa mwendo aliochorwa nao, lakini akizungushwa kwa mwendo mwingine hupotosha habari.

Wenye kuchora santuri walilijua hilo. Kwa muda mrefu mashini nyingi za kuchorea hazikuendeshwa kwa kamani bali kwa uzito mkubwa ulioshuka polepole, kwa sababu uzito huvuta sawasawa mwanzo na mwisho. Hata hivyo miendo haikuwa mmoja kila mahali. Katika santuri za zamani zimo zilizochorwa kwa mizunguko isiyofika 75, na nyingine kupita 80. Baadhi ya santuri za Columbia za Uingereza ziliandikwa 80. Wale wanaozihamisha nyimbo za kale katika vyombo vya siku hizi yawapasa kuuchunguza mwendo kwanza, kabla ya kusema, "Hii ndiyo sauti ya Siti."

Kuupima mwendo hakutaki vyombo vya thamani. Tuseme kwamba mtu wa Mnero amerithi gramafoni ya babu yake. Na achukue kipande chembamba cha karatasi, akitie chini ya santuri, ncha ikitokeza nje. Aweke sindano juu ya santuri, maana mashini isiyo na mzigo haisemi kweli. Kisha aishike saa na kuhesabu mara ngapi karatasi inapita mbele yake kwa dakika moja. Ikipita mara 78, vema. Ikipungua au ikizidi, ageuze parafujo kidogo na kuhesabu tena. Baada ya hayo ahesabu mara ya pili karibu na mwisho wa wimbo. Hesabu mbili zikilingana, gavana ni mzima.

Zisipolingana, aitazame ile ngozi: ikiwa kavu, itie tone moja la mafuta. Azitazame zile kamani 3: moja ikivunjika au risasi moja ikilegea, mti hutetemeka na sauti huyumba. Na ikiwa mashini inashtuka kwa kishindo, huenda grisi ya kamani kubwa imekauka, na utepe wafunguka kwa kuruka. Hiyo ni kazi ya fundi, maana kamani iliyokazwa ikifunguliwa ovyo yaweza kumkata mtu vibaya.

Mashini za kamani hazikukoma na gramafoni. Mwaka 1991 Mwingereza Trevor Baylis alibuni redio ya kukaza kwa mkono, akiwafikiria watu wa Afrika wasio na umeme wala fedha za betri, na baadaye redio hizo zilitengenezwa Cape Town. Ndani yake ulikuwamo utepe wa chuma uliohama kutoka gurudumu moja hadi jingine, wenye tabia ya kuvuta karibu sawasawa tangu mwanzo hata mwisho. Hapo swali la zamani lilijibiwa kwa njia nyingine: badala ya kuila nguvu iliyozidi, kamani yenyewe ilifanywa isizidishe.

Naye gavana wa Watt hajatuacha. Katika injini ya dizeli ya mashini ya kusaga nafaka yumo mtu wa ukoo wake. Mahindi yanapomiminwa kwa wingi injini hulemewa kidogo, kisha twaisikia ikijikaza. Gavana ameifungulia mafuta zaidi. Mahindi yakiisha, huyapunguza, injini isije ikaenda mbio na kujivunja.

Neno gavana lenyewe lina asili yake katika neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani wa chombo. Mshika usukani hausukumi upepo, wala hauongezi. Kazi yake ni kuona chombo kinashika njia, upepo uwe mkali au mchache. Bali upepo ukikatika kabisa, usukani haufai kitu. Ndivyo ilivyo kwa kamani na gavana wake: mmoja ana nguvu asizojua kuzipima, mwingine ana kipimo asicho na nguvu. Wakitengana hakuna wimbo. Wakiwa pamoja, na mkono wa mtu ukikumbuka kuijaza akiba kwa wakati wake, sauti iliyochorwa Bombay mwaka 1928 yaweza kusikiwa Mnero ikiwa ni sauti ile ile.