Tuzo za ulinzi wa kikapu vyuoni Marekani na njia aliyopita Hasheem Thabeet

KATIKA kiwanja cha Don Bosco, Upanga, na katika kituo cha michezo cha vijana kilichofunguliwa mwaka 2015 eneo la Kidongo Chekundu, jirani na Kariakoo, anayeshangiliwa zaidi katika mpira wa kikapu ni mfungaji. Hata hivyo, Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, alifika huko kwa kazi ya kuwanyima wengine pointi.

Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi saba na inchi tatu, alitwaa mara mbili mfululizo, mwaka 2008 na 2009, tuzo ya mchezaji bora wa ulinzi wa vyuo vikuu nchini Marekani. Wakati huo alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Connecticut.

Chimbuko la tuzo

Tuzo hiyo hutolewa na NABC, chama cha kitaifa cha makocha wa kikapu kilichoanzishwa mwaka 1927. Ilianza kutolewa mwaka 1987, na imepewa jina la Henry Iba, kocha aliyeipa timu yake ya chuo ubingwa wa taifa mwaka 1945 na 1946 kwa mchezo uliojengwa juu ya ulinzi.

Mshindi wa kwanza, Tommy Amaker wa Chuo Kikuu cha Duke, hakuwa jitu la kusimama chini ya ringi. Alikuwa mwongoza mashambulizi ambaye kazi yake katika ulinzi ilikuwa kumbana mpinzani mwenye mpira tangu mbali. Baadaye Stacey Augmon wa Nevada, Las Vegas, na Tim Duncan wa Wake Forest waliitwaa mara tatu mfululizo kila mmoja.

Kanda za vyuo nazo zina tuzo zao. Katika kanda ya Big East, ambako Connecticut ilicheza, Patrick Ewing wa Georgetown aliishinda mara nne mfululizo kuanzia mwaka 1982. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aligawana tuzo hiyo na Alonzo Mourning mwaka 1990, kisha akaitwaa peke yake mwaka 1991. Thabeet aliinyakua mwaka 2008 na 2009. Tangu mwaka 2018 ipo pia tuzo ya kitaifa ya ulinzi yenye jina la James Naismith, mwanzilishi wa mchezo huo.

Kutoka Makongo

Thabeet aliushika mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15, akisoma Shule ya Sekondari Makongo, Dar es Salaam. Alimalizia sekondari Houston, Texas, na mwaka 2006 akajiunga na Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun.

Msimu wa 2007/08 alizuia wastani wa mitupo 4.5 kwa mchezo. Msimu uliofuata alizuia 4.2, huku akifunga pointi 13.6 na kuchukua ribaundi 10.8. Kwa misimu mitatu alizuia mitupo 417, akiwa nyuma ya Emeka Okafor pekee, mwenye 441, katika historia ya chuo hicho. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa, ikafungwa na Michigan State kwa pointi 82 kwa 73.

Takwimu hizo hazimalizi habari. Mtupo uliozuiwa huandikwa. Mshambuliaji aliyeghairi kuingia kwa kumwona mrefu amesimama haandikwi popote.

Kilichobaki nje ya tuzo

Februari 16, 2009, siku alipotimiza miaka 22, Thabeet alikutana na DeJuan Blair wa Pittsburgh, aliyekuwa mfupi sana kwake. Blair alifunga pointi 22 na kuchukua ribaundi 23, na Pittsburgh ikashinda kwa pointi 76 kwa 68. Silaha yake ilikuwa nguvu na ujuzi wa kuwahi nafasi. Mwisho wa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East.

Juni 2009 Memphis Grizzlies ilimchagua Thabeet wa pili katika orodha ya wachezaji wapya wa NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Huko hakung'ara kama alivyotarajiwa. Alipitia pia Houston, Portland na Oklahoma City, na msimu wake wa mwisho katika ligi hiyo ulikuwa 2013/14.

Sheria ni sehemu ya maelezo. Tangu msimu wa 2001/02, NBA humkataza mlinzi kukaa zaidi ya sekunde tatu katika eneo la chini ya ringi bila kumkaba mtu. Kanuni za vyuo hazina katazo hilo, na mlinzi mrefu anaweza kulinda ringi kama bawabu mlangoni. NBA humlazimu atoke, amfuate mpinzani kisha arudi kwa kasi.

Kwa kijana wa Upanga au Kariakoo, tofauti hiyo ina uzito. Sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, hazina katazo hilo pia, hivyo mrefu anaweza kusifiwa kwa kusimama tu. Miguu inayowahi, aliyokuwa nayo Amaker mwaka 1987, haipatikani kwa urefu. Hutafutwa mazoezini.