Nili na Kahawa katika El Salvador

El Salvador, nchi iliyo ndogo kuliko zote katika Amerika ya bara, visiwa visipohesabiwa, eneo lake likizidi kidogo tu kilomita za mraba 21,000, iliishi kwa muda mrefu tangu zama za Wahispania kwa bidhaa moja iuzwayo ng'ambo.

Kabla ya kahawa bidhaa hiyo ilikuwa nili, rangi ya buluu. Majani ya mmea uitwao xiquilite yalifungwa matita, yakaroweshwa birikani hata yakachacha. Maji yake yakafunguliwa kushukia birika la pili, ambamo yalipigwapigwa mpaka ukijani ukageuka ubuluu. Kisha mashapo yakachujwa kwa nguo, yakakatwa vipande na kuanikwa. Majani yaliyooza yalileta nzi, uvundo na maradhi, hata wafalme wa Hispania wakaharimisha wenyeji wa asili kutumikishwa humo; lakini wenye mabirika, maadamu faida ilikuwa nono, walilipa faini wakaendelea kama kawaida. Na sehemu kubwa ya faida yenyewe iliishia kwa matajiri wa Guatemala, waliokopesha fedha kabla ya mavuno.

Nili ya viwanda vya Kijerumani ilipoingia sokoni mwaka 1897, kahawa ilikuwa imekwisha kutwaa nafasi. Kahawa hupenda miinuko ya volkeno, na huko ndiko vijiji vingi vya wenyeji vilikolima ardhi ya jumuiya. Mwaka 1881 na 1882 serikali ilifuta milki hiyo kwa sheria mbili, kwa hoja kwamba yazuia maendeleo. Nami sioni waraka uliotengeneza nchi hiyo kuliko hizo, hata ule wa uhuru wa 1821. Wenye uwezo walijipatia hati, na wengi katika waliosalia wakawa vibarua wa kuchuma buni katika mashamba ya watu.

Bei ilipoanguka baada ya 1929, ujira nao ukakatwa, na Januari 1932 wakulima wa upande wa magharibi, wengi wao Wapipil, wenyeji wa asili, wakaasi. Jeshi la mtawala wa nchi, Jenerali Maximiliano Hernández Martínez, likawaua watu kwa maelfu, kiasi kwamba waliookoka waliogopa kuvaa mavazi ya jadi na kusema lugha yao hadharani.

Vita vya ndani, vilivyokoma mwaka 1992, viliwakimbiza wengi Marekani, na fedha wanazowapelekea jamaa zao leo hupita mapato ya kahawa kwa mbali. Tangu 2001 dola ya Marekani ndiyo inayotumika madukani El Salvador, mahali pa colón, sarafu ya nchi.