Saa peke yake haitoshi: historia ya alama za kasi katika mbio za farasi

Msikilizaji anayeijua barabara ya Masisi anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Motari aliyefika kwa masaa mawili wakati wa kiangazi si lazima awe hodari kuliko mwenzake aliyetumia masaa matatu katika matope ya mvua. Kabla ya kusema nani ana mbio, watu wanauliza kwanza: njia ilikuwa namna gani siku ile?

Katika mbio za farasi, huko Uingereza na Marekani, swali hilo lilichukua miaka mingi kupata jibu la hesabu. Jibu lenyewe linaitwa alama za kasi: namba moja anayopewa farasi baada ya kila mbio, ili aweze kulinganishwa na farasi aliyekimbia siku nyingine, katika uwanja mwingine, kwa umbali mwingine.

Swali hilo lilikuwa zito kwa sababu ya pesa. Katika karne ya 19, huko Paris, Joseph Oller alianzisha mfumo unaoitwa pari mutuel. Pesa za wachezaji wote zinaingia katika chungu kimoja. Waandaaji wanakata sehemu yao kwanza, na kinachobaki wanagawana wale waliomchagua farasi aliyeshinda. Kwa hiyo mchezaji hashindani na wenye uwanja. Anashindana na wachezaji wenzake, na anayejua kitu ambacho umati haukijui anakula pesa za umati.

Waingereza walianza na uzito, si saa. Katika karne hiyo hiyo ya 19, Admirali Henry John Rous alitengeneza jedwali la uzito ambao farasi wa kila umri anapaswa kubeba. Farasi mwenye nguvu alipakiwa mzigo mkubwa zaidi ili wote wafike karibu pamoja. Saa haikuaminiwa sana, na kulikuwa na sababu. Viwanja vya Uingereza ni vya majani. Vingine vinapanda na kushuka, na mvua inabadilisha ardhi kila wiki. Tena mara nyingi farasi wanaenda polepole mwanzoni na kukimbia kweli mwishoni tu. Saa ya mbio kama hizo inaweza kumdanganya yeyote.

Mtu aliyeipa saa heshima huko Uingereza ni Phil Bull, mzaliwa wa Yorkshire, aliyesoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Leeds na kuwa mwalimu wa shule. Alichukua muda wa kila mbio, akaurekebisha kwa umbali, uzito na hali ya ardhi, kisha akauza matokeo yake kwa wachezaji akitumia jina la bandia, William K. Temple. Yeye mwenyewe aliweka dau kwa hesabu hizo na akapata pesa nyingi, mpaka akaacha ualimu. Mwaka 1948 alianzisha kampuni ya Timeform.

Bull hakusema kwamba saa inajua kila kitu. Alisema kitu chenye maana zaidi: farasi dhaifu anaweza kushinda mbio mbovu, lakini hawezi kutoa muda mzuri sana kwa bahati tu. Ushindi unategemea umekutana na nani. Muda mzuri, ukishapimwa pamoja na ardhi yake, unatoka katika miguu ya farasi mwenyewe. Hata hivyo, alama kuu za Timeform zinatazama pia uzito na nani alimshinda nani. Kwa kipimo hicho, Sea Bird wa Ufaransa alipewa 145 mwaka 1965, na hakuna aliyempita mpaka Frankel wa Uingereza alipopewa 147 mwaka 2012.

Marekani mazingira yalikuwa tofauti. Viwanja vingi ni vya udongo, ni tambarare, na vina umbo la yai. Farasi wanakimbia kwa nguvu tangu mlango unapofunguliwa. Hapo saa ilipaswa kuwa shahidi mzuri, na gazeti la Daily Racing Form lilichapisha alama zake kwa miaka mingi. Rekodi ya uwanja ilihesabiwa kuwa 100, na kila sehemu ya tano ya sekunde iliyozidi ilipunguza alama moja. Pembeni iliandikwa namba nyingine ya kuonyesha uwanja ulikuwa mwepesi au mzito siku ile.

Kasoro ilikuwa katika namba hiyo ya pembeni. Ilitazama tu washindi wa siku nzima walikuwa mbali kiasi gani na rekodi. Siku ya farasi wazuri, uwanja ulionekana mwepesi, hata kama ni farasi ndio waliokuwa wepesi. Siku ya farasi wabovu, uwanja ulilaumiwa bure. Ni sawa na kupima ubaya wa barabara kwa kutazama pikipiki zilizochakaa tu.

Aliyelieleza tatizo hili waziwazi kwa watu wengi ni Andrew Beyer, mwandishi wa habari za mbio za farasi. Alisoma Harvard lakini hakumaliza, kwa sababu mbio zilimvutia kuliko mitihani. Mwaka 1975 alichapisha kitabu chake Picking Winners, na ndani yake aliweka njia yake yote hadharani.

Njia hiyo ina hatua mbili. Ya kwanza ni umbali. Sehemu ya tano ya sekunde katika mbio za mita 1000 ni tofauti kubwa; katika mbio za mita 2000 ni ndogo zaidi. Kwa hiyo kila umbali una jedwali lake la kugeuza muda kuwa alama. Hatua ya pili ni ardhi. Kwanza unatafuta farasi wa kila daraja kwa kawaida wanatumia muda gani katika uwanja ule. Kisha unatazama mbio zote za siku moja. Kama karibu kila daraja limechelewa kwa sekunde moja, basi haiwezekani farasi wote wamechoka siku moja. Ni ardhi iliyowashika.

Tuchukue mfano. Jumanne farasi wa kwanza anashinda mbio za mita 1200 kwa dakika 1 na sekunde 10. Jumamosi wa pili anashinda kwa dakika 1 na sekunde 11. Umati unamkimbilia wa kwanza. Lakini hesabu ya siku inaonyesha kwamba Jumanne uwanja ulikuwa mwepesi kwa nusu sekunde, na Jumamosi ulikuwa mzito kwa sekunde moja. Ukirekebisha, wa kwanza ana sekunde 10 na nusu juu ya dakika, na wa pili ana sekunde 10 kamili. Kumbe yule aliyeonekana mzito ndiye mwepesi, kwa zaidi ya urefu wa farasi watatu.

Len Ragozin, wa New York, alifuata njia yake mwenyewe. Karatasi zake, ambazo ziliuzwa kwa bei kubwa, zilihesabu pia uzito uliobebwa na njia ambayo farasi alipita, karibu na uzio au mbali nao. Kwake namba ndogo ndiyo nzuri. Aliwafundisha wateja wake kitu kingine pia: farasi aliyejituma kupita kiasi leo mara nyingi anarudi nyuma katika mbio zinazofuata. Namba inaonyesha alichofanya farasi. Haisemi kimemgharimu nini.

Kwa miaka mingi hesabu hizi zilikuwa mali ya wachache waliokesha na makaratasi. Mwaka 1991 gazeti jipya, The Racing Times, lilianza kuchapisha alama za Beyer kwa kila msomaji. Gazeti hilo halikudumu, lakini mwaka 1992 alama zikaingia Daily Racing Form na zimebaki humo. Mtu wa kawaida aliyekuja uwanjani na pesa kidogo akapata taarifa ile ile ya mtaalamu. Lakini faida ikapungua, kwa sababu ya chungu kile cha pamoja. Farasi mwenye alama kubwa sasa anaonekana na wote, wote wanamchagua, na mgao unakuwa mdogo. Elimu ilipogawanywa kwa watu wote, haikumtajirisha tena mtu mmoja. Iliwasaidia wengi wasidanganywe.

Lakini alama yoyote inasimama juu ya kitu kimoja: saa iliyopimwa vizuri. Tarehe 5 Mei 1973, Secretariat alishinda Kentucky Derby kwa dakika 1, sekunde 59 na sehemu mbili za tano, rekodi mpya. Farasi Sham alikuwa wa pili, nyuma kwa urefu wa farasi wawili na nusu. Wiki mbili baadaye, katika mbio za Preakness huko Baltimore, wakafika hivyo hivyo, kwa pengo lile lile. Lakini mashine ya uwanja ilionyesha dakika 1 na sekunde 55, nje ya rekodi. Wapimaji wawili wa Daily Racing Form, wenye saa mkononi, walipata dakika 1, sekunde 53 na sehemu mbili za tano, na hiyo ingekuwa rekodi. Uwanja ukarekebisha muda kidogo, ukaandika sekunde 54 na sehemu mbili za tano, na ukakataa kwenda mbali zaidi.

Mtu wa alama za kasi angeuliza hivi: Je, farasi wawili walio bora wanaweza kupunguza mwendo kwa kipimo kimoja, siku moja, bila sababu? Au ni shahidi aliyekosea? Tarehe 9 Juni mwaka ule ule, katika mbio za Belmont, Secretariat alikimbia kama mita 2400 kwa dakika 2 na sekunde 24, na kumwacha wa pili kwa urefu wa farasi 31. Rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo.

Mwenye farasi, Penny Chenery, hakuacha kuulizia Preakness. Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 90, yeye pamoja na uongozi wa uwanja waliiomba kamati ya mbio ya jimbo la Maryland ipime upya filamu za zamani kwa vyombo vya kisasa. Kamati ilisikiliza ushahidi na kukubali bila mpinzani: dakika 1 na sekunde 53. Farasi alikuwa amekufa tangu 1989. Miaka 39 ilikuwa imepita, na kitabu cha rekodi kikaandikwa upya.

Kwa hiyo historia hii haihusu farasi na dau peke yake. Namba iliyoandikwa na mkubwa inaweza kuwa na kosa, na namba sahihi inaweza kusomwa vibaya na mtu asiyeuliza ardhi ilikuwaje. Bull na Beyer hawakuwa na saa bora kuliko za wengine. Walikataa tu kumhukumu mkimbiaji kabla ya kuitazama njia aliyopita.