Kadi ya heshima na mlango wa misheni

Mwaka 1948 serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilianza kutoa kadi ya sifa njema ya kiraia. Aliyeitaka ilimpasa ajue kusoma na kuandika, asiwe na doa la jela, wala asiwe na wake wengi. Hapa mjini Kasongo, Maniema, sharti hilo la mwisho peke yake liliwaacha nje wazee wengi. Mji ulikuwa wa watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara Mwislamu wa pembe na watumwa. Sefu mwanawe aliutawala mpaka Dhanis, kamanda wa Kibelgiji, alipouteka Aprili 1893, na Uislamu ulibaki baada ya watawala kuondoka. Elimu ya kikoloni ilishikwa na misheni. Mapadri Weupe walifika 1903, na Mwislamu aliyehofia mwanawe kubatizwa alimwacha kwa mwalimu wa Kurani. Mtoto huyo alisoma, tena sana, ila usomi wake haukumpa kadi.

Mwaka 1952 ikaongezwa daraja ya juu zaidi: kuandikishwa ili uhukumiwe kwa sheria za Wazungu. Hapo wakaguzi waliingia mpaka chumbani, wakatazama blanketi, wakatazama uma na visu, wakauliza kama mume na mke hula meza moja. Patrice Lumumba, aliyewahi kuwa karani wa kampuni ya madini ya Symétain hapa Maniema kabla ya kwenda Stanleyville, alikataliwa kwanza, akakata rufaa, akakubaliwa 1954. Kufikia 1958 walioandikishwa nchi nzima walikuwa mia mbili na kidogo. Heshima ya namna hiyo, kwa maoni yangu, ilimfaa zaidi aliyeitoa.

Vyama vya waliosoma vilikuwa jambo jingine. ADAPES, umoja wa waliopita shule za Mapadri wa Scheut, ulianzishwa Léopoldville mwaka 1925 na Padri Raphaël de la Kethulle. Baadaye Jean Bolikango akawa rais wake. Siasa zilikatazwa, basi watu wakafanya mikutano. Humo mtu alizoea kusimama mbele ya wenzake, kuandika kumbukumbu za kikao, kutunza fedha za michango, na kushindwa kwa kura akarudi tena kikao kijacho. Alifahamiana pia na makarani wa ofisi ambazo asingezikanyaga. Mwaka 1946, mbele ya UNISCO, muungano wa vyama hivyo, Joseph Kasa-Vubu alitoa hotuba kuhusu haki ya aliyeikalia nchi kwanza. Miaka 14 baadaye alikuwa rais wa Jamhuri. Lumumba naye alipitia uongozi wa chama cha waliosoma wa Stanleyville na umoja wa wafanyakazi wa posta.

Hawa hawakuwa na digrii. Lovanium ilifunguliwa 1954, chuo kikuu cha Elisabethville 1956, na uhuru ulipofika Wakongomani wenye shahada hawakufika 30. Kilichowajenga ni mikutano, si vyeti. Hata Phi Beta Kappa, chama cha wanafunzi bora kinachotajwa kuwa mzee wa vyama vya aina hiyo Marekani, hakikuanza kwa kuhesabu maksi: Desemba 1776 vijana wa chuo cha William & Mary, Virginia, walikusanyika kwa siri ili wajadiliane. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kasongo anayealikwa leo kwenye chama cha aina hiyo huko Kindu au Bukavu angeuliza kwanza wanachama hukutana kufanya nini. Cheti cha ukutani kinaweza kungoja.

Na angeuliza nani hakualikwa. Auguste Buisseret, waziri wa makoloni kuanzia 1954, ndiye aliyefungua kwa Waafrika shule za serikali zisizo chini ya padri. Mtoto wa Kiislamu aliyeanza darasa la kwanza katika shule hizo mwaka huo huo alikuwa ndiyo kwanza anamaliza shule ya msingi siku ya uhuru, Juni 30, 1960, wakati waliozoeana katika mikutano ya ADAPES walikuwa tayari wabunge na mawaziri.